Penseli Katika Chumba cha Tano

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2024. Mawingu tangu alfajiri, manyunyu mepesi saa nne, kisha jua kali.

Hivyo ndivyo Mwinga alivyoandika katika daftari lake asubuhi hiyo na kuongezea baada ya mvua kupita, kwani yeye huandika hali ya hewa kila siku, hata siku ambayo hana jambo jingine la kuandika, na siku za namna hiyo ndizo nyingi. Chini yake akaongeza mstari mmoja: "Leo saa tisa, kanisani. Ama joho la ishirini na nne, ama mafaili." Akaupigia mstari kwa rula.

Mwinga ni mtu wa Kinango aliyehamia Bongwe zamani, na umri wake ni miaka hamsini na mmoja. Kwa miaka kumi na tisa ametunza stoo ya mashuka katika hoteli moja ya Diani. Mashuka ya vitanda vikubwa hukaa rafu ya chini, ya vitanda vidogo juu yake, kisha mataulo, kisha foronya, na kila rafu ina kibandiko chenye maandishi yasiyomlazimisha mtu kuvaa miwani. Penseli yake haitoki sikioni. Mkono wake wa kushoto una mipira midogo ya kufungia foronya, mitano au sita, kama mwanamke mwenye bangili. Twaiba, anayesimamia dobi katika hoteli hiyo, husema kwamba siku Mwinga atakapokufa watu watamkuta ameshajibandika karatasi kwenye dole gumba la mguu. Mwinga husikia, hacheki, na moyoni hukubali kwamba wazo hilo lingewarahisishia watu kazi.

Nje ya stoo alikuwa na jambo moja tu, nalo ni kwaya. Miaka ishirini na miwili aliimba besi katika kanisa lao karibu na Ukunda, akiwa amevaa joho namba kumi na saba. Ukimwuliza mwenyewe, atakwambia kwamba hakuwahi kuwa na sikio la muziki, alikuwa na daftari la muziki. Alikuwa akimsikiliza Rai, aliyesimama kushoto kwake, kisha anaimba alichoimba Rai, akiwa nyuma kidogo ili kuhakikisha. Sifa yake kubwa ilikuwa kufika mapema. Kwa ajili hiyo alikabidhiwa majoho yote na mafaili ya nyimbo, akayapanga kama alivyopanga mashuka. Juu ya kila karatasi ya wimbo, palipoandikwa sauti kwa do, re, mi, palikuwa na maneno mafupi: "Do ni F," au "Do ni G," au "Do ni D." Mwinga alifahamu mara moja kwamba herufi hiyo inaonyesha karatasi iingie faili gani. Akafungua faili F, faili G na faili D. Hakuna aliyewahi kumwuliza, kwa kuwa kila wimbo ulipohitajika aliutoa papo hapo.

Mkewe, Jumwa, huimba alto. Kila Alhamisi na Jumamosi wawili hao walitembea pamoja kwenda mazoezini na kurudi, yeye akibeba mafaili na Jumwa akibeba mazungumzo. Mwinga hakuwahi kuandika matembezi hayo katika daftari, na hilo ndilo jambo pekee la maana ambalo hakuliandika.

Mwezi wa Agosti, Mwalimu Mercy, anayeongoza kwaya, alimwomba abaki baada ya mazoezi. Mercy ni mdogo kwake kwa miaka kumi na mbili, na alianza kwa kumwamkia, akamwuliza hali ya nyumbani, ya shamba na ya kazini. Mwinga akajua kuna jambo, maana hakuna mtu anayeuliza habari za mashuka bure. Mercy akasema amekuja mwalimu mpya wa hesabu kutoka Waa, Mwalimu Chome, mwenye besi nzito, na majoho ya waimbaji yamekwisha. Kisha akatafuta maneno.

"Bwana Mwinga, kwa heshima zako zote," akasema, "siku hizi ukishuka chini unashuka peke yako."

Mwinga alijua. Tangu mwaka uliopita sauti zake za chini zilikuwa zinatoka kama mtu anayeburuta kabati sakafuni. Mercy alitaka joho la kumi na saba apewe Chome. Mwinga angebaki na kazi ya mafaili, ambayo kwa kweli hufanyika Ijumaa, mtu akiwa peke yake. Ndipo kinywa cha Mwinga kikasema kitu ambacho mwenye kinywa hakukituma. Kikasema kwamba yeye angeweza kupiga ala.

Joho la ishirini na nne lilikuwa la mpiga ala. Lilikuwa halina mtu tangu Elijah ahamie Voi na kinanda chake. Mercy akamwuliza ni ala gani. Mwinga akasema ni ndogo. Wakapatana: aje nayo Jumamosi ya kabla ya ibada ya mavuno, na ikiwa kwaya itaweza kuimba nayo, ishirini na nne ni yake.

Ala yenyewe ilikuwa ukulele, gitaa dogo la nyuzi nne ambalo mgeni mmoja alilisahau chini ya kitanda. Ilikaa kabatini miezi sita pasipo wa kuidai, na kwa kanuni ya hoteli ikawa ya aliyeiokota. Aliyeiokota ni Twaiba, naye akampa Mwinga akisema hana haja na gitaa lililokatazwa kukua.

Mwinga hakuanza kuipiga. Alianza kuipima. Alichapisha karatasi kwenye duka la intaneti pale Ukunda, na humo akakuta kwamba ukulele zina saizi nne: soprano, konseti, tena na baritoni, kutoka ndogo hadi kubwa. Akachukua utepe wa fundi wa kushona mapazia, akailaza ala juu ya meza ya kukunjia, akapima kutoka kichwani hadi kitakoni. Sentimita hamsini na tatu. Akapima tena, safari hii akiuvuta utepe kidogo. Hamsini na tatu. Mtu aliyeimba besi miaka ishirini na miwili alikuwa amekabidhiwa soprano.

"Basi kaka Mwinga," alisema Twaiba, akiwa na kapu la mataulo nyongani, "itabidi ujifunge leso."

Mwinga akaandika saizi hiyo katika daftari, kwa herufi ndogo.

Siku ya pili aligundua kosa katika ala. Uzi wa tatu ulikuwa mnene, wa pili mwembamba kidogo, wa kwanza mwembamba zaidi, na hapo alifurahi, kwa kuwa ndivyo vitu vinavyopaswa kupangwa. Lakini uzi wa nne, uliotakiwa kuwa mnene kuliko zote, ulikuwa mwembamba karibu sawa na wa kwanza. Aliutazama kama anavyotazama foronya iliyowekwa rafu ya mashuka. Akaamua kwamba yule mgeni alikuwa mtu wa fujo, na ushahidi ni kwamba alisahau ala chini ya kitanda. Akaufungua uzi huo, akautia katika bahasha na kuandika juu: "Uzi wa nne, haufai." Siku ya mapumziko akaenda Msambweni kwa Mzee Mbwana, anayeuza mishipi na ndoana.

Baada ya shikamoo na marahaba, Mbwana alimwuliza anataka mshipi wa kuvulia nini. Mwinga akajibu kwamba anataka mshipi wa kutoa sauti ya sol, lakini sol ya chini. Mbwana akafikiri, akasema kwamba changu anamjua, kolekole anamjua, na tewa alishamvua mwenye uzito wa mtoto wa darasa la tatu. Huyo hakuwahi kumwona.

"Na akipatikana analiwa?" akauliza.

Mwinga akasema haliwi, ni wa kanisani. Mbwana akampimia pima moja ya mshipi mnene na kumwombea heri.

Mshipi ulipofungwa ulinguruma kama nyuki ndani ya kopo. Mwinga aliuvumilia siku nne. Siku ya tano akatazama katika simu somo la mama mmoja mpole, ambaye alieleza pole pole kwamba ukulele hukazwa nyuzi ili itoe sol, do, mi, la, na kwamba ile sol hukaa juu kwa makusudi, ndiyo iipayo ala hii sauti yake ya kuchekacheka. Baadhi ya watu hupenda sol ya chini, akasema, lakini anayeanza aiache ilivyo. Mwinga akazima simu. Akaitafuta bahasha, akaipata mara moja, kwa sababu ilikuwa mahali pake, akautoa uzi uliokuwa haufai na kuurudisha. Ile "haufai" akaikata kwa mstari mmoja na kuandika "unafaa" juu yake, na tarehe.

Kisha akaja kwenye skeli, yaani ile ngazi ya sauti nane, do hadi do. Shingo ya ukulele imekatwa kwa vyuma vyembamba, na nafasi iliyo kati ya chuma na chuma Mwinga aliiita chumba. Akakata vibandiko vinane vidogo kutoka kwenye karatasi za stoo, akaandika kila sauti na kuibandika chumbani mwake. Do ilikuwa uzi wa tatu usioshikwa, kwa hiyo kibandiko chake kilikaa juu kabisa, mlangoni. Re, chumba cha pili. Mi, uzi wa pili usioshikwa. Fa, chumba cha kwanza cha uzi huo, na sol chumba chake cha tatu. La, uzi wa kwanza usioshikwa, na ti na do ya juu chumba cha pili na cha tatu. Alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yake, kama mtu aliyejenga nyumba. Kwa muda wa dakika moja alidhani kwamba amekwisha jifunza muziki.

Alifanya mazoezi stooni wakati wa chakula cha mchana, mashuka yakiwa yamemzunguka pande zote. Mashuka ni wasikilizaji wazuri. Hunyonya kila kosa. Katika daftari aliandika: "Kupanda mara arobaini. Kushuka mara thelathini na moja, mkono umechoka." Vidole vyake, vilivyozoea kukunja, vilifunika vyumba viwili kwa mara moja. Wiki ya tano aliweza kupiga wimbo wa mavuno mstari kwa mstari, akisoma do, re, mi katika karatasi na kuzitafuta kwenye vibandiko, macho yakipanda na kushuka kama mtu anayevuka barabara ya Likoni. Nyumbani alimpigia Jumwa, ambaye alisikiliza mpaka mwisho na kusema ni mzuri. Baadaye kidogo akauliza ni wimbo gani.

Basi Jumamosi ile saa tisa, baada ya manyunyu na jua, wawili hao walitembea pamoja kwenda kanisani. Jumwa alibeba mazungumzo kama kawaida. Mwinga alikuwa na mafaili upande mmoja na ukulele upande wa pili, ndani ya foronya safi.

Rai ndiye aliyeiona kwanza ilipotolewa.

"Sasa hii imezaliwa lini?" akauliza. "Na mama yake anaendeleaje?"

Wanaume wa besi wakacheka, na Mwalimu Chome, mgeni, akacheka kwa adabu, nusu. Tayari alikuwa amevaa joho la kumi na saba ili kulijaribu. Lilimkaa vizuri. Mwinga aliona hivyo na kujisikia kama mtu anayekuta kitanda chake kimeshatandikwa kwa mwingine, na kimetandikwa vizuri.

Mercy akawapanga, akainua mkono. "Bwana Mwinga, tupe do."

Mwinga akautazama mlango, akakiona kibandiko cha do, akaupiga uzi wa tatu. Katika stoo uzi huo ulikuwa na sauti tamu. Chini ya mabati ya kanisa ulitoka mwembamba, lakini ulisikika, na kwaya nzima ikaupokea na kuanza.

Mstari wa kwanza ulikuwa mzito. Wa pili soprano walianza kushusha videvu vifuani wakizitafuta sauti. Alto walizama wote, Jumwa akiwamo, midomo inacheza na kitu hakitoki. Waimbaji wa sauti ya tena wakawa besi. Na besi wakateremka mahali ambapo pumzi hubaki peke yake: Rai akawa anaburuta kabati, mwingine anaburuta meza, na Mwalimu Chome mwenyewe, ndani ya joho la kumi na saba, alifungua kinywa kwa sauti ya chini na pakatoka upepo mtupu. Kwa mara ya kwanza mwaka huo Mwinga hakuwa ameshuka peke yake.

Mercy alishusha mkono. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomwumiza Mwinga zaidi.

"Do ya wimbo huu ni ipi, Bwana Mwinga?"

Mwinga akasema do ni hii, na kuonyesha kibandiko.

"Juu ya karatasi pameandikwaje?"

Mwinga akasoma: do ni F. Akaeleza, akidhani anasaidia, kwamba hiyo ni kwa ajili ya faili, kwamba wimbo huu hukaa faili F, na kwamba zile za G zina faili lake.

Watu ishirini na watatu wakafikiri jambo moja. Kisha Rai akakaa chini kwenye benchi, akafunika uso kwa karatasi ya wimbo, na mabega yake yakaanza kutikisika. Jumwa alijitahidi kuwa mke mwema kwa kadiri alivyoweza, ambayo ni kama sekunde tatu.

Mercy alisubiri wanyamaze, na yeye mwenyewe anyamaze. Akaja karibu, akamwelekeza. Do haina makao, alisema. Kila wimbo una do yake, na zile nyingine hufuatana nayo. Akavumisha sauti kidogo kooni, akagusa shingo ya ukulele. "Do yetu leo iko hapa, pale ulipobandika fa."

Mwinga alimkumbuka Elijah. Kabla ya kila wimbo Elijah alikuwa akibonyeza kitufe kidogo kando ya kinanda, mara mbili, mara tano, na Mwinga kwa miaka mingi alidhani anapunguza sauti. Kumbe alikuwa anahamisha do. Alihamisha do, na vidole vyake vikaenda njia zilezile.

Mercy alikuwa ameshaanza kusema, kwa upole uleule wa Agosti, kwamba siku zimekwenda, kwamba kesho wataimba bila ala, na kwamba mafaili pia ni huduma. Mwinga hakumsikia vizuri. Alikuwa anafikiri juu ya rafu. Mwaka juzi maji yalipovuja stooni, hakubandua kibandiko hata kimoja. Aliisogeza kabati nzima upande wa pili, na kila kitu ndani yake kikabaki katika mpango wake.

"Mwalimu, naomba dakika tano," akasema.

Akaipiga fa yake, akaishika sauti hiyo kichwani. Kisha akapanda katika uzi wa tatu, chumba kwa chumba, cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Chumba cha tano kikatoa sauti ileile. Akaitoa penseli sikioni, akailaza juu ya nyuzi zote nne ndani ya chumba hicho, akavua mipira miwili mkononi na kuifunga penseli kwa nguvu upande huu na upande huu, kama anavyofunga foronya kumi kumi. Shingo ya ala sasa ilianzia kwenye penseli. Akaupiga uzi wa tatu, na Mercy akageuza kichwa.

"Tena," akasema Mercy.

Akaupiga tena. Kwaya ikauchukua, na safari hii soprano walisimama wima.

Ilibaki shida moja, ambayo Mwinga aliitambua akiwa ameshaanza. Vibandiko vyake vyote vinane vilikuwa vimebaki nyuma ya penseli. Mbele yake palikuwa na mbao tupu, na vyumba vidogo kuliko vile alivyozoea, hata kidole kimoja kilihisi kama kimevaa koti mlangoni. Mstari wa kwanza aliupiga wote, sawasawa, kwa sababu hakupata nafasi ya kufikiri. Mstari wa pili alifikiri. Macho yalikimbilia vibandiko, vikamwambia uongo, na vidole vikapotea. Kwaya ikaendelea bila yeye. Alisimama na ukulele kifuani kama mtu aliyeshuka mahali pasipo pake, akasikiliza, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili hakumsikiliza Rai. Aliisikiliza do. Ilipita, ikazunguka, ikarudi, naye akaingia nayo. Mwisho wa wimbo walifika pamoja, do juu ya do.

Mercy aliandika kitu katika karatasi yake, bila haraka.

"Umepiga nusu," akasema.

"Nusu na ile do ya mwisho," akasema Mwinga, kwa kuwa hesabu ni hesabu.

"Lakini hatukupanda wala kushuka. Mimi nikianzisha kwa koo, ubeti wa tatu huwa tuko darini." Akawatazama wengine, akarudi kwake. "Kesho utatupa do, utapiga mstari wa kwanza, na ukipotea nyamaza mpaka turudi. Joho la kumi na saba ni la Mwalimu Chome. La ishirini na nne chukua. Na usisimame huko nyuma, hatutakusikia. Simama hapa mbele, mwisho wa mstari wa soprano."

Joho la ishirini na nne lilishonwa kwa kipimo cha Elijah, ambaye ni mtu mfupi. Lilimfika Mwinga magotini. Rai alitaka kusema neno, akamtazama kuanzia chini hadi juu, kisha akaona hakuna haja.

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, Mwinga aliamka kabla ya Jumwa, akaandika: "Mbingu safi, upepo kidogo." Akachemsha maji, akachovya kitambaa, akaketi barazani na ukulele mapajani, na kuanza kubandua vibandiko kimoja kimoja. Alivipanga katika bahasha ileile ya uzi wa nne, akavihesabu na kupata saba. Akakitafuta cha nane chini ya kiti, ndani ya foronya, katika makunyanzi ya joho, na alikuwa amepiga magoti akichungulia chini ya mkeka Jumwa alipotoka nje, tayari amevaa, akamwambia ainuke waondoke, re iko kwenye kiwiko chake.

Akaibandua, akaandika juu ya bahasha: "Vibandiko vinane," akaingia ndani kuchonga penseli.